SUBIRA YA MWANA WA FUNDI VIATU

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, nchi nyingi za dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 1967, na tarehe yake haikuteuliwa kwa kubahatisha. Ndiyo siku aliyozaliwa, katika mwaka 1805, mtunzi wa Kidenmark Hans Christian Andersen. Wengi wetu tunazijua hadithi zake bila ya kulijua jina lake: ile ya mfalme aliyepita uchi mbele ya raia zake, ile ya bata mwenye sura mbaya, ile ya msichana muuza viberiti aliyekufa kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka mpya. Maisha ya mtunzi mwenyewe hayajulikani sana kwetu. Leo tumeonelea ni vyema tuyasimulie kwa urefu kidogo, kwa sababu yana mafunzo kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa kijana anayetaka kushika kalamu, na zaidi kwa mtumishi wa serikali ambaye mezani kwake hupita maombi ya watu wanyonge.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba Andersen alikuwa mtu wa visiwani kama sisi. Denmark inayo bara yake, iliyoshikana na Ujerumani, lakini mji wake mkuu, Copenhagen, upo katika kisiwa cha Sjælland. Na Andersen alizaliwa katika mji wa Odense, kisiwani Fyn. Kati ya visiwa hivyo viwili umepita mkono mpana wa bahari. Magari yalianza kuuvuka kwa daraja mwaka 1998 tu. Zama za Andersen mtu aliyetaka kwenda mjini alipanda chombo, akauacha ufuko wa kwao nyuma yake, na hakujua atarudi lini. Mkaazi wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo ina uzito gani moyoni.

Wazee wake walikuwa mafukara. Baba yake alikuwa fundi viatu, na utotoni mwake familia nzima iliishi katika chumba kimoja, ambacho ndicho kilichokuwa karakana, ndicho chumba cha kulala, na ndicho cha kulia. Mama yake alikuwa dobi, hata kusoma hakujua vyema. Kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya maji ya mto, kiangazi na kipupwe, akifua nguo za watu wenye uwezo. Lakini katika chumba hicho palikuwa na vitabu vichache, na jioni, kazi ikisha, yule fundi viatu alikuwa akimsomea mwanawe. Miongoni mwa vitabu hivyo kilikuwamo Alfu Lela Ulela. Hivyo basi, hadithi zile zile ambazo majahazi na mabaharia walizieneza katika pwani zetu zilikuwa zinasomwa katika kibanda cha fukara huko kaskazini ya Ulaya, na zikamuingia mtoto moyoni kabla hajajua kuandika jina lake sawasawa.

Chemchemi ya pili ya hadithi ilikuwa bibi yake mzaa baba, ambaye alifanya kazi katika bustani ya hospitali ya mji. Mtoto alimfuata huko, na alipochoka kucheza aliingia katika chumba walimokaa vikongwe maskini wakisokota nyuzi. Vikongwe hao walijua ngano za zamani, za majini na za wafu, za wafalme na za wanyama wasemao, nao walimsimulia. Aliwasikiliza hata jua likatua, na akaogopa kurudi nyumbani peke yake gizani. Wale walioketi miguuni pa bibi zao na kuitikia Pakawa wataelewa elimu aliyoipata mtoto huyo, ingawa haikuwa na cheti.

Baba yake, ambaye alikwenda vitani kama askari katika vita vya zama za Napoleon, alirudi akiwa mgonjwa, na mwaka 1816 akafariki dunia. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 11. Mama aliendelea kufua ili wapate kula. Mtoto alipelekwa kufanya kazi viwandani, hakudumu huko. Alipelekwa katika skuli ya watoto maskini, akajifunza kidogo. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwembamba, mwenye pua kubwa, tena akipenda kuimba kwa sauti nzuri na kucheza na wanasesere aliowashonea nguo kwa mkono wake. Watoto wenziwe walimcheka. Mama yake alitaka ajifunze ushoni, kwani fundi cherehani hafi njaa. Yeye alikuwa amekwisha kuamua kwamba atakwenda mjini kuwa mtu mashuhuri wa tamthilia.

Inasimuliwa kwamba mama alikwenda kwa mpiga ramli, naye akamtabiria kuwa siku moja mji wa Odense utawashwa taa kwa heshima ya mwanawe. Tusishughulike na ramli. Tuishike habari hiyo tu, kwani tutairudia mwisho wa makala haya.

Mwezi wa Septemba 1819, akiwa na umri wa miaka 14, alivuka bahari peke yake. Mfukoni alikuwa na riksdala 13 alizozidunduliza. Alifika Copenhagen tarehe 6 Septemba, hana ndugu wala jamaa katika mji huo. Alibisha hodi nyumbani kwa mcheza dansi mmoja mashuhuri wa Tamthilia ya Kifalme, akavua viatu, akafanya kofia yake kuwa ngoma, akacheza na kuimba katikati ya ukumbi. Mwenye nyumba alimdhania kuwa ni mwendawazimu, akamtoa nje. Mkuu wa tamthilia alimtazama akamwambia kuwa ni mwembamba mno kuweza kusimama jukwaani. Bwana mmoja wa Kitaliani, Siboni, aliyekuwa mwalimu wa kuimba, alimpokea, na mtungaji wa muziki Weyse akamchangishia fedha za kumkimu. Lakini haukupita muda sauti ya kitoto ikavunjika, na tumaini la kuimba likavunjika pamoja nayo. Akajaribu dansi, hakufaa. Akajaribu kuandika tamthilia, zikarudishwa. Mwaka 1822 alitoa kitabu kwa jina la kujibandika, na kitabu hicho hakikuuzika. Miaka mitatu hiyo ilikuwa ya njaa, ya nguo zilizombana, na ya kulala katika vyumba visivyo na dirisha.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo panapohusika na watumishi wa serikali. Mmoja wa wakurugenzi waliokaa kuzipima tamthilia za kijana huyo alikuwa Jonas Collin, ofisa mkubwa wa serikali ya mfalme. Bwana Collin na wenzake waliona kwamba kazi iliyoletwa mbele yao haifai kuchezwa. Imejaa makosa ya tahajia na ya sarufi, na mwandishi wake hakupata elimu ya kutosha. Kwa taratibu za ofisi shauri lilikuwa limekwisha: karatasi irejeshwe kwa mwenyewe na jalada lifungwe. Lakini wao walisoma zaidi ya makosa. Waliona kuwa ndani ya maandiko hayo mabovu upo mwanga wa kipaji, na kwamba kinachokosekana ni elimu, na elimu ni kitu ambacho serikali inaweza kumpa mtu. Collin akapeleka shauri kwa Mfalme Frederik wa Sita, na ikatolewa fedha kutoka katika mfuko wa umma ili kijana huyo wa dobi asomeshwe skuli ya sekondari.

Kwa hivyo mwaka 1822, akiwa na umri wa miaka 17, Andersen alipelekwa katika mji mdogo wa Slagelse, akakalishwa darasani pamoja na watoto wa miaka 11 na 12, yeye akiwa mrefu kuliko wote. Mwalimu mkuu, Simon Meisling, alikuwa mjuzi wa lugha za kale, lakini hakuwa mlezi. Alimdhihaki mbele ya wenziwe kwa ujinga wake, akamkataza kutunga, na baadaye alipohamia Helsingør alimchukua pamoja naye na mateso yakazidi. Miaka hiyo mitano Andersen aliihesabu kuwa ndiyo michungu kuliko yote katika uhai wake, na hata uzeeni, alipokwisha kuwa mgeni wa wafalme, alikuwa akiota usiku kuwa yupo tena mbele ya mwalimu yule, akatetemeka. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Ulimi wa mwalimu unaweza kudumu katika kichwa cha mwanafunzi miaka hamsini. Mwalimu aliyesoma sana akakosa huruma amepoteza nusu ya kazi yake.

Hata hivyo Andersen hakutoroka. Alimwandikia Collin barua, akaeleza maendeleo yake na kukata tamaa kwake, na akarudi tena mezani kwa vitabu vyake. Mwaka 1827 Collin aliyapata sawasawa mambo yalivyo, akamtoa katika skuli hiyo, akampatia mwalimu wa peke yake mjini Copenhagen, na mwaka 1828 kijana akafaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha safari ya kubuni ya kutembea kwa miguu hadi ncha ya kisiwa cha Amager, na mwaka huo huo mchezo wake mmoja ukachezwa katika ile ile Tamthilia ya Kifalme iliyomfukuza.

Lakini asidhani mtu kuwa mlango ulikwisha kufunguka wote. Nyumba ya Collin ilimpokea kama mmoja wa watoto wa nyumba, na watoto wa Collin walimpenda. Walakini damu ya dobi haikusahauliwa. Kidenmark cha wakati ule kilikuwa na namna mbili za kumwita mwenzio, moja ya heshima na umbali, moja ya udugu. Mwaka 1831 Andersen alimwandikia Edvard, mtoto wa Collin, akamwomba watumie ile ya udugu. Edvard alikataa kwa upole. Edvard huyo huyo ndiye aliyemsahihishia tahajia na kumsimamia mambo ya uchapaji kwa miaka mingi. Alimsaidia kwa kila kitu ila hilo neno moja. Jeraha hilo halikupona, na miaka mingi baadaye likatokeza katika hadithi yake ya kivuli kilichomkana bwana wake.

Mwaka 1833 alipewa fedha za safari na serikali, akatembelea Ujerumani, Ufaransa na Utaliani. Alikuwa Roma alipopata habari kuwa mama yake amefariki, katika nyumba ya maskini, akiwa amezoea pombe ambayo kwanza aliinywa ili kuvumilia baridi ya mto. Watu wa mji walikuwa wakimdharau kwa ulevi huo. Mwanawe hakumwona aibu. Alipokwisha kuwa na jina alitunga hadithi ya mama dobi ambaye mji mzima ulimhukumu kuwa hafai kitu, na akaonyesha kwamba aliyefaa kuliko wote katika mji ule alikuwa ni yeye.

Sasa tunaufikia mwaka 1835. Andersen alikuwa na umri wa miaka 30, na matumaini yake yote aliyaweka katika riwaya yake ya Kitaliani iliyotoka mwaka huo, na katika tamthilia. Pembeni tu, kama mtu apandaye mbegu chache kando ya shamba kubwa, alitoa tarehe 8 Mei kijitabu cha kurasa 61 chenye hadithi nne alizosema kuwa zimesimuliwa kwa ajili ya watoto. Mojawapo ilikuwa ya askari aliyepata kijaluba cha kuwashia moto, na nyingine ya binti mfalme aliyekosa usingizi kwa sababu ya punje moja ya njegere chini ya magodoro yake.

Kilichokuwa kipya katika kijitabu hicho ni lugha. Vitabu vya watoto vya wakati ule viliandikwa kwa Kidenmark cha wasomi, kigumu, kilichosimama wima kama mtu aliyevaa nguo za ibada, na kila hadithi ilimalizia kwa nasaha. Andersen aliandika kama mtu anavyosema. Aliweka katika maandishi pumzi ya msimuliaji, kukatiza kwake, mshangao wake, na sauti za vitu. Aliona kuwa mtoto anayesikiliza hana subira na sentensi ndefu, na kwamba nasaha iliyo nzuri ni ile ambayo mtoto huivumbua mwenyewe.

Wahakiki hawakupendezwa. Katika maandishi ya mwaka 1836 walimlaumu kwa kuandika lugha ya mazungumzo, wakaona kuwa hadithi hizo hazimjengi mtoto tabia njema, na wakamshauri asipoteze wakati wake katika mambo hayo. Miongoni mwa marafiki zake ni mmoja hasa aliyeona mbali, naye hakuwa mwanafasihi, bali mwanasayansi Hans Christian Ørsted, yule aliyegundua mwaka 1820 kuwa umeme huzaa nguvu ya sumaku. Ørsted alimwambia kwamba riwaya itampa umaarufu, lakini hadithi hizi ndizo zitakazomfanya asife. Andersen mwenyewe hakuamini.

Mwaka 1836 ulipita bila ya kijitabu kipya. Ingekuwa rahisi kuacha. Aprili 1837 alitoa kijitabu cha tatu, na ndani yake mlikuwamo hadithi ya nguva mdogo aliyependa kuwa mwanadamu, na ile ya nguo mpya za mfalme.

Juu ya hadithi hii ya mwisho hatuna budi kusimama. Asili yake ni kitabu cha Kihispania cha karne ya 14, cha mtemi Don Juan Manuel, ambaye alizikusanya ngano zake katika nchi iliyokuwa bado ina Waislamu na Wakristo wanaoishi jirani. Katika ngano hiyo ya kale, walaghai walimwambia mfalme kuwa nguo wanayoifuma haionekani na mtu ambaye si mtoto halali wa baba yake. Wote wakaogopa kupoteza nasaba na urithi, wakaisifu nguo wasiyoiona. Aliyesema kweli mwishowe alikuwa mtu mweusi mchunga farasi wa mfalme, kwa sababu hakuwa na urithi wa kuupoteza.

Andersen aliigeuza. Katika hadithi yake nguo haionekani na mtu ambaye hafai kwa cheo alicho nacho, au aliye mpumbavu. Tazama jinsi mabadiliko hayo madogo yalivyoihamisha ngano kutoka katika nyumba ya wakubwa wa nasaba na kuiingiza katika kila ofisi duniani. Waziri mzee, mwaminifu, anapelekwa kukagua vitanda vya kufumia, haoni kitu, anaogopa kuwa labda hakifai cheo chake, anarudi na taarifa nzuri. Ofisa wa pili anafanya vivyo hivyo, kwa kuwa wa kwanza amekwisha kusema. Hata mfalme mwenyewe anaitegemea taarifa ya ofisa aliyeitegemea hofu yake. Kwanza hadithi iliishia katika maandamano, watu wote wakisifu. Karatasi zilikuwa zimekwisha kupangwa kiwandani, ndipo Andersen alipomwandikia Edvard Collin akataka mwisho ubadilishwe, na akamwingiza mtoto mdogo anayesema kuwa mfalme hana nguo. Kwa kulitia neno hilo kinywani mwa mtoto, mwana wa dobi alisema jambo ambalo watu wazima wa enzi ya utawala wa mfalme asiye na bunge hawakuweza kulisema hadharani. Hadithi ya watoto ikawa somo la serikali. Hadi leo ofisa anayeletewa taarifa tamu mno atafanya vyema kujiuliza kama yule aliyeiandika ameiona nguo.

Waziri mmoja wa nchi, Rantzau-Breitenburg, aliyekuwa ameisoma riwaya yake akapendezwa, alikwenda mwenyewe kumtembelea katika chumba chake kidogo, akaona jinsi anavyoishi. Kutokana na juhudi zake, mwaka 1838 mfalme akamkatia Andersen posho ya riksdala 400 kwa mwaka. Haikuwa mali nyingi, lakini iliondoa hofu ya kesho, na mtu asiyeogopa kesho anaweza kuandika kwa saburi. Fedha alizopewa tangu akiwa mwanafunzi hazikuzidi gharama ya jambo dogo katika hesabu za nchi. Faida yake haijamalizika kuhesabiwa.

Baada ya hapo furaha ilianza kumjia, na ilimjia kutoka upande asioutazamia. Hakuwa mtunzi mkubwa wa tamthilia, ingawa hakuacha kujaribu maisha yake yote. Alipokubali kuwa ugodoro alioudharau ndio uliokuwa kitanda chake, alilala vizuri. Mwaka 1843 alitoa kitabu kingine cha hadithi, na safari hii aliyaondoa katika jina la kitabu maneno ya kuwa zimesimuliwa kwa ajili ya watoto, kwani alikwisha kuelewa kuwa mtoto huchukua tukio na mzazi aliyeketi karibu yake huchukua maana. Ndani yake ilikuwamo hadithi ya yule bata aliyechekwa na kuku, na mabata, na paka, kumbe hakuwa bata, bali ni mwana wa ndege mkubwa mweupe wa majini mwenye shingo ndefu. Kila aliyejua maisha yake alielewa ni bata gani anayetajwa. Kitabu kilipokelewa kwa shangwe, na watu waliomlaumu miaka saba nyuma walinyamaza.

Furaha yake kubwa haikuwa katika sifa za magazetini, bali katika kusimulia. Katika nyumba za rafiki zake aliketi watoto wakimzunguka, akachukua mkasi na karatasi, akawa anasimulia huku anakata, na hadithi ilipokwisha alikunjua karatasi, na tazama, pana kasri, na miti, na wachezaji, na ndege. Mkasi ule ulikuwa mkubwa na vidole vyake vilikuwa virefu, lakini kazi ilikuwa laini. Karatasi nyingi alizozikata zimehifadhiwa hadi leo. Humo mtu huona alichokipata baada ya shida zote: mikono iliyojaa kazi inayoipenda, na watoto walionyamaza wakingoja.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mwepesi wa kuudhika, alipenda kusifiwa, na lawama moja ilimliza hata mbele ya wageni. Mwaka 1857 alikuwa mgeni wa mtunzi wa Kiingereza Charles Dickens, akakaa wiki tano pale alipotazamiwa kukaa mbili, na urafiki ukaishia hapo. Aliogopa moto kiasi cha kusafiri na kamba katika mizigo yake ili apate kutokea dirishani. Hakuoa, ingawa alipenda zaidi ya mara moja. Subira yake, kwa hivyo, haikuwa ya mtu asiyesikia maumivu. Alilia, akapangusa macho, akarudi mezani. Kwa kazi ya namna hiyo, kidogo kidogo, zilikusanyika hadithi 156, ambazo leo zimefasiriwa katika zaidi ya lugha 100; naye aliziandika kwa lugha ya taifa dogo, ambayo nje ya mipaka yake haikusomwa na wengi.

Tarehe 6 Desemba 1867 mji wa Odense ulimpa uraia wa heshima. Skuli zilifungwa, watu wakajaa barabarani, na usiku taa zikawashwa katika madirisha ya mji mzima, kama alivyoambiwa mama yake miaka arobaini na minane nyuma. Andersen alisimama dirishani akiyatazama hayo, na wakati huo huo alikuwa akiumwa na jino vibaya sana, hata hakuweza kuifurahia hafla hiyo kwa ukamilifu. Ndivyo dunia ilivyo. Heri haiji ila na kitu kando yake. Alifariki tarehe 4 Agosti 1875, katika nyumba ya rafiki zake karibu na Copenhagen, akiwa na umri wa miaka 70. Mfalme wa Denmark alihudhuria maziko ya mwana wa fundi viatu.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwaka 1870, Andersen akiwa bado hai, Edward Steere alichapisha mjini London kitabu cha ngano za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Hivyo ni karne moja na nusu na zaidi tangu hadithi za vibaraza vyetu zianze kuwekwa kitabuni, tena zikiwa na utajiri usiopungua ule waliokuwa nao vikongwe wa Odense. Hazina hatunayo kwa kukosa, tunayo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuiketia kama alivyoiketia Andersen: si kuinakili tu, bali kuitia pumzi mpya, kwa Kiswahili kinachosemwa majumbani, ili mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni aione sauti ya bibi yake ndani ya kitabu. Na kijana atakayeianza kazi hiyo ajue mapema kuwa ataambiwa anapoteza wakati, kwamba vitabu vya watoto si fasihi ya kweli, na kwamba heshima ipo mahali pengine. Mwaka wake wa 1836 utafika. Asiuache ukawa mwaka wa mwisho.

Kwa watumishi wa serikali tunalo neno moja. Denmark ilipata Andersen kwa sababu siku moja karatasi mbovu ya kijana asiyekuwa na mtu ilifika mezani kwa ofisa aliyekuwa na haki ya kuirudisha, naye akaisoma mpaka mwisho. Kanuni hazikumlazimisha. Hakupata cheo kwa kufanya hivyo. Lakini leo majina ya wakubwa wengi wa utawala ule yamesahauliwa, na jina la Jonas Collin linatajwa katika gazeti la visiwa ambavyo huenda hakupata kuvisikia. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo wasemavyo wazee wetu, na ni kweli. Lakini mbivu hiyo haina budi kuwa na mti, na mti huo mtu mwingine aliupanda. Barua za namna hiyo zinaendelea kuletwa, zenye makosa ya tahajia, kutoka kwa watoto wa mafundi na wa madobi. Zisomwe mpaka mwisho.